Gesi Haiishi, Inavuja

Juni ikishaingia, katika nyumba nyingi za Hasamba, Vwawa na hata kule Tunduma mpakani, friji linaweza kuanza vituko. Sehemu ya chini yenye mboga na maziwa inabaki baridi kama kawaida, lakini barafu ya juu inalainika, na nyama iliyokuwa ngumu kama jiwe inaachia maji. Fundi anapigiwa simu. Anafika, anagusa hapa na pale, anatamka neno moja: gesi. Gesi inaongezwa, hela inatoka, wiki zinapita bila nafuu ya maana. Kisha Septemba joto linarudi, friji linapona lenyewe, na fundi anabaki na sifa ambazo kwa haki zilikuwa za jua.

Hoja ya mwongozo huu ni moja. Mashine yoyote inayopoza, liwe friji, friza la sanduku au kiyoyozi, haili gesi kama gari linavyokula petroli. Gesi iliyotiwa kiwandani ndiyo hiyo hiyo inayozunguka miaka kumi au ishirini ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote: kompresa inaisukuma, inatoa joto nyuma au ubavuni mwa friji, inapita kwenye bomba jembamba kama sindano, inapoza ndani, inarudi kwenye kompresa. Ikipungua, kuna tundu. Kama hakuna tundu, haijapungua, na ugonjwa uko kwingine. Kwa hiyo anayeongeza gesi bila kutaja tundu liko wapi amekuuzia dawa ya ugonjwa usio wako, au amejaza maji pipa lililotoboka akaenda zake. Kitu cha kulipia kwanza ni uchunguzi, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo unaweza kuufanya mwenyewe kabla hujatafuta namba ya mtu.

Nazungumzia friji zaidi kuliko kiyoyozi kwa sababu ya mahali tulipo. Uwanda wa Mbozi uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake hapa tuna karibu nyuzi 10 pungufu ya Dar es Salaam bila kulipa senti. Anayetaka kufunga kiyoyozi chumbani Hasamba ajiulize kwanza ni cha nini, maana dirisha pana na dari zuri hufanya kazi hiyo karibu mwaka mzima. Viyoyozi vina kazi yake Tunduma, kwenye kumbi za benki, maduka ya dawa na nyumba za wageni, na nitavirudia. Lakini mashine ya kupoza inayotoa hela mifukoni mwa watu wengi huku ni friji la nyumbani, la baa na la bucha, na ubaya wake na wa kiyoyozi ni ndugu wa tumbo moja.

Turudi kwenye ile barafu ya Juni, kwa sababu ndiyo kosa ambalo nchi ya baridi inalizalisha na ambalo fundi aliyejifunzia kazi pwani anaweza asilitegemee. Friji nyingi za milango miwili za bei ya kawaida zina themostati moja tu, nayo iko sehemu ya chini. Kompresa inawaka pale sehemu ya chini inapopata joto, na sehemu ya barafu hupoa kwa kudandia. Sasa piga hesabu. Dar es Salaam, chumba kikiwa nyuzi 30 na sehemu ya chini ikitakiwa kuwa nyuzi 4, tofauti ni 26. Hasamba usiku wa Julai, chumba kisicho na moto kikishuka mpaka nyuzi 13, tofauti ni 9 tu. Joto linaloingia chini ni karibu theluthi moja ya lile la Dar, kwa hiyo kompresa inafanya kazi kama theluthi ya muda. Lakini sehemu ya barafu inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwake tofauti ilikuwa 48 Dar, na hapa ni 31, yaani karibu theluthi mbili. Inahitaji theluthi mbili ya kazi na inapewa theluthi moja. Lazima ilainike. Hakuna kilichovuja wala kuharibika.

Watengenezaji wanalijua jambo hili na wameliandika kwenye kibandiko kilicho ndani ya friji au nyuma yake. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. T ni friji lililotengenezwa kwa nchi za joto, la kufanya kazi chumbani penye nyuzi 16 hadi 43. ST mwisho wake ni 38. N ni 16 hadi 32. SN huanzia nyuzi 10. Friji la T ndilo linalofaa Dar, na kwa kuwa maduka yetu yanapata mzigo kutoka huko huko, ndilo utakaloletewa. Anayenunua jipya kwa matumizi ya Mbozi aulize kama lipo lenye SN kwenye kibandiko, maana mengine hubeba madaraja mawili matatu kwa pamoja, kama SN hadi T, na hayo ndiyo yetu. Aliye nalo tayari alitoe stoo au barazani, alilete karibu na jiko ambako usiku hapapoi sana, lakini lisibanane na moto wenyewe. Azungushe themostati kwenye namba kubwa zaidi ili kompresa iwake mara nyingi, na akubali kwamba mboga za chini zinaweza kuganda kidogo. Baadhi ya friji zina swichi ndogo ya majira ya baridi inayopasha ile themostati kijanja. Kama lako linayo, kazi yake ni Juni mpaka Agosti. Friza la sanduku halina tatizo hili, kwani themostati yake iko kwenye barafu yenyewe. Mwenye bucha anayehitaji barafu mwaka mzima angefanya vyema kuanzia hapo.

Adui wa pili ni umeme, na huyu anaua kweli. Umeme wetu wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 230. Mtaa ulio mwisho wa laini, wenye mashine za kusaga na karakana za kuchomelea kwenye transfoma moja, hauupati huo saa zote, na unaona mwenyewe taa zinavyofifia jioni majiko ya umeme na pasi zinapowashwa. Taa ikipata umeme mdogo inafifia tu. Kompresa ikipata umeme mdogo inashindwa kuanza kuzunguka, inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, inapata moto, na kile kifaa kidogo cha kinga kilicho ubavuni mwake, ovalodi, kinakata. Kikipoa kinaachia, inajaribu tena. Sauti yake utaijua: tak, inanguruma sekunde chache, tak, kimya, na baada ya dakika chache inarudia. Hiyo si sauti ya gesi iliyopungua. Ni umeme mdogo, au rilei ya kuwashia imechoka, na rilei ni kipuri cha bei ndogo kinachobadilishwa kwa dakika kumi. Ukiisikia, chomoa friji mara moja, kwa sababu kila jaribio linachoma nyaya za ndani ya kompresa, na hapo ndipo tatizo la kipuri kidogo linapogeuka kuwa tatizo la mashine nzima.

Umeme unaokatika na kurudi papo hapo una ubaya wake mwingine. Kompresa ikizimwa ghafla, upande mmoja wa mabomba unabaki na msukumo mkubwa na mwingine mdogo. Pande hizo zinahitaji dakika tatu hadi tano kulingana. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inalazimishwa kuanza ikiwa imebebeshwa mzigo. Kifaa kinachoitwa frijigadi kinasubiri dakika hizo kwa niaba yako na kinakata umeme ukishuka au ukizidi. Hakipandishi umeme mdogo. Anayepata umeme mdogo kila jioni anahitaji stebilaiza yenye uwezo wa kubeba mkondo wa kuwashia, ambao ni mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye friji. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua za radi zikianza kunguruma, chomoa plagi. Kuzima kwenye soketi peke yake hakutoshi.

Baada ya baridi na umeme, kuna mambo ambayo ni aibu kumlipia mtu. Kiangazi cha huku kina vumbi, na Tunduma ina vumbi na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Vumbi hilo likijaa kwenye wavu mweusi wa nyuma ya friji, joto linakosa pa kutokea, kompresa inafanya kazi mchana kutwa, na baridi inapungua kana kwamba gesi imekwisha. Chomoa, chukua brashi laini, safisha, acha nafasi ya kiganja kati ya friji na ukuta. Friji lisilo na wavu nyuma limefichiwa mabomba yake ubavuni, na ubavu kuwa wa moto ni dalili njema. Mpira wa mlango nao unachoka. Funga mlango ukiwa umebana karatasi ya daftari, kisha ivute. Ikitoka bila upinzani, hewa inaingia hapo. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kama umepinda ulainishe kwa kitambaa cha maji ya moto kabla hujaamua kununua mwingine. Barafu nene kuliko kidole nayo ni blanketi: iyeyushe kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi. Usiipige kisu. Karatasi ile ya aluminiamu ndani ya sehemu ya barafu ndimo gesi inamopita, na kisu cha jikoni kimeua friji nyingi ambazo hata radi ilizikosa.

Ukishamaliza hayo, una haki ya kuanza kushuku gesi, na dalili zake ni hizi. Kompresa inazunguka bila kupumzika na ni ya moto. Wavu wa nyuma, au ubavu, ni wa baridi. Ndani, barafu inashika kwenye kona moja tu, pale bomba linapoingilia, na kwingine kote hamna kitu. Dalili hizo tatu zikikutana, ama gesi imevuja ama bomba jembamba limeziba. Zikikosekana, bado usilipie gesi. Na shika jambo moja hata ukisahau mengine yote: kompresa ya friji la kawaida la nyumbani ikiwa haiwaki kabisa, gesi haihusiki. Friji la namna hiyo halina kidude cha kupima gesi na kuzima mashine. Anayekuambia kompresa imegoma kuwaka kwa sababu gesi imeisha, mshukuru kwa kufika na umlipe nauli.

Kuna shahidi mwingine ambaye hasemi uongo, naye ni mita ya LUKU. Friji la wati 120 likiwaka theluthi moja ya muda linakula kama uniti 29 kwa mwezi. Likiugua na kuwaka saa 24, linakula 86. Chukua nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa mwezi, friji likiwa ndani ya hesabu: sasa itafika 117. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka 75, na 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Zile 60 zilikuwa shilingi 6,000. Hizi 117 ni shilingi 22,200. Na anayezoea kuvuka 75 anajiweka kwenye hatari ya kuhamishiwa T1, ambako kila uniti ni 292 kuanzia ya kwanza. Kwa hiyo swali la kama utengeneze mpira wa mlango sasa au mwezi ujao lina jibu la shilingi. Hesabu uniti lakini, usihesabu pesa ulizonunulia, maana tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo na itakuchanganya. Soma mita kabla ya kulala, zima kila kitu isipokuwa friji, soma tena asubuhi. Fanya hivyo mara moja friji likiwa zima, andika namba hiyo mahali, na utakuwa na kipimo cha siku litakapougua.

Sasa bei. Gesi yenyewe katika friji la nyumbani ni kidogo mno. Friji la gesi aina ya R134a hubeba gramu mia moja na kitu. La R600a hubeba gramu hamsini, wakati mwingine chini ya hapo. Mtungi wa kawaida wa R134a unaobebwa na mafundi una kilo 13.6. Ukitia gramu 120 kwa kila friji, mtungi mmoja unahudumia friji 113. Muulize muuza vipuri bei ya mtungi, igawe kwa mia, na utajua thamani ya gesi iliyomo kwenye lako hata likijazwa upya kutoka sifuri. Ukiona ankara yenye mstari mmoja tu, "gesi", na tarakimu kubwa mbele yake, kuna kazi imefichwa humo au kuna kazi haikufanyika. Kazi halali ya kutengeneza uvujaji ni hii: kutafuta tundu, kwa povu la sabuni na kwa kufuata alama ya mafuta, kwani gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, kuchomelea, kubadilisha filta, kile kichupa cha shaba kinachonyonya unyevu, kupima tena kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta hulipuka, kuvuta hewa yote kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, ndipo kupima gesi na kuitia. Mtu aliyemaliza hayo kwa uaminifu ametumia nusu ya siku yake, na bei yake ikiwa kubwa kuliko ya muongeza gesi, ni halali yake. Aliyeruka pampu ameacha unyevu ndani, nao utaganda kwenye lile bomba jembamba: friji litapoza saa chache, litaacha, litayeyuka, litapoza tena, na utamwita tena.

Muulize pia atapimaje gesi. Wengi hutumia geji tu, na huku juu geji ina ujanja wake. Inasoma msukumo wa ndani ukilinganishwa na wa hewa ya nje, na hewa ya nje kwenye mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu psi 2 na nusu. Msukumo ule ule wa ndani utasomeka mkubwa zaidi Hasamba kuliko Dar kwa kiasi hicho. Kwa friji ambalo upande wake wa kurudisha gesi hufanya kazi kwenye psi chache tu, hilo ni kosa kubwa: aliyekariri namba ya pwani ataacha kutia kabla gesi haijatosha. Mizani haijui mwinuko. Kibandiko cha friji kimeandika aina ya gesi na gramu zake, na fundi mwenye mizani ya gramu anaweka hizo hizo, basi.

Kibandiko kikisema R600a, ongeza tahadhari. Hiyo ni gesi inayowaka, jamaa wa ile ya kupikia, na kiasi chake ni kidogo mno hata gramu 20 za ziada ni kosa kubwa. Friji hilo litengenezewe nje au madirisha yakiwa wazi, jiko la mkaa likiwa mbali, na mabomba yamwagwe gesi yote kabla ya mwali wa kuchomelea kusogea. Asitie R134a mahali pa R600a, kwani kompresa zake hazikutengenezwa kwa kazi moja, na asitie gesi ya mtungi wa jikoni hata akiapa kwamba ni kitu kile kile. Aina ya zamani, R12, iliondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Friji la mtumba lililoandikwa R12 liache hapo hapo lilipo. Liache pia la kutoka Japani lenye volti 100. Linalovuka kutoka Zambia litakubali umeme wetu, volti ni zile zile, ila dhamana yake haivuki mpaka nalo.

Najua pingamizi la kwanza. Fundi mzuri yuko Tunduma au Mbeya, nauli yake peke yake inauma, na akishafika ni afadhali aongeze gesi kuliko aondoke hivi hivi. Lakini uchunguzi hauhitaji awe mbele yako. Mpigie picha kibandiko, rekodi sauti ya kompresa kwa simu, mwambie ubavu ni wa moto au wa baridi na barafu imeshika wapi. Fundi anayejua kazi ataondoa nusu ya mashaka kabla hajapanda gari, na atakuja na rilei mfukoni. Ulizeni pia mtaani: friji tatu za nyumba tatu zikitengenezwa siku moja, nauli ni moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: friji langu liliongezwa gesi tu, bila kutafutwa tundu, na likaenda mwaka mzima. Inawezekana. Tundu dogo kama ncha ya sindano huvujisha polepole, na kama liko ndani ya ukuta wa friji, nyuma ya povu gumu ambako mkono haufiki, kuongeza gesi kila mwaka kunaweza kuwa uamuzi wa busara kwa friji kuukuu. Nakubali, kwa sharti kwamba uambiwe hivyo na ulipe bei ya kuongeza, si ya kutengeneza. Kwa R600a sikubali. Upande wake wa kupoza hufanya kazi chini ya msukumo wa hewa ya nje, kwa hiyo tundu la upande huo halitoi gesi tu, linavuta hewa na unyevu kuingia, na kila mwezi unaopita unaiumiza kompresa.

La tatu halisemwi kwa sauti, lakini ndilo mzizi. Fundi akisema ukweli kwamba ni vumbi au ni baridi ya Julai, hatumlipi. Tunalipa kile tunachokiona kikibebwa: mtungi, kompresa, bomba. Tumemfundisha wenyewe kwamba jibu lisilo na mzigo halina thamani, kisha tunashangaa kila jibu linakuja na mtungi. Dawa yake ni makubaliano kabla hajashika bisibisi: ada ya kukagua ni kiasi hiki, utalipwa hata ukikuta ni plagi, na kama kuna matengenezo ada hiyo itaingia kwenye bei ya kazi. Kwa makubaliano hayo hana sababu ya kubuni ugonjwa. Baadhi watakataa, na kukataa kwao nako kumekupa habari.

Kuhusu lini uache kutengeneza, kipimo cha nusu ya bei ya jipya kinachotajwa na kila mtu naona hakitoshi, kwa sababu kinasahau LUKU. Kompresa mpya kwenye friji dogo la mlango mmoja lenye mpira uliokufa ni hela iliyotupwa, kwani litaendelea kula uniti. Kompresa hiyo hiyo kwenye friza la sanduku lenye kuta nene na mfuniko unaofunga sawasawa ni uamuzi mzuri, na hata mabomba ya ukutani yakitoboka, mafundi huzungushia bomba jipya la shaba ndani kwa ndani. Kazi hiyo hudumu kama maungio ni machache na safi. Ukinunua jipya, dai risiti ya EFD na dhamana iliyogongwa muhuri wa duka. Bila hizo, "mwaka mmoja" ni maneno ya kukusindikiza mlangoni.

Kwa mwenye kiyoyozi Tunduma, sheria ni ile ile isipokuwa mambo machache. Kiyoyozi cha vipande viwili huungwa mabomba yake pale pale kinapofungwa, kwa nati za kukaza, kwa hiyo kuvuja kwake ni kwa kawaida zaidi kuliko kwa friji, na mahali pa kwanza pa kupaka povu la sabuni ni kwenye nati hizo nne. Barafu ikishika kwenye bomba la nje wengi husema gesi. Mara nyingi ni chujio la ndani lililojaa vumbi, na chujio unalitoa na kuliosha mwenyewe kila mwezi, kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Maji yakidondoka ukutani ni mrija wa kutolea maji umeziba. Feni ya nje ikiwa imekwama huku mashine inanguruma, shuku kapasita kabla ya kompresa. Na kama chako kina uwezo wa kupasha joto, Julai ndiyo kinakulipa fadhila: humpa joto mgeni wako kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya, kwani hulihamisha kutoka nje badala ya kulitengeneza.

Siku ya matengenezo, kaa karibu. Vipuri vya zamani vibaki kwako. Friji lililosafirishwa kwa kulazwa lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi kwenye kompresa. Likishawashwa, fundi asiondoke kabla barafu haijashika sehemu yote ya juu, na mlipe sehemu ya mwisho asubuhi yake, baada ya kusoma mita. Kisha chukua kipande cha karatasi, mwambie aandike tarehe, tundu lilikuwa wapi, aina ya gesi na gramu alizotia, ukibandike nyuma ya friji kwa selotepu, mahali ambapo fundi atakayefuata atakiona kabla hajafungua mtungi wake.